Nyumba ya Likizo na Mwenye Kushika Ufunguo



Kila zinapokaribia likizo za shule za Ulaya na za nchi za Ghuba, mitaa ya Unguja hubadilika sura. Madirisha yaliyofungwa tangu mwaka uliopita hufunguliwa, magodoro hutolewa uani kuanikwa, na watoto wanaozungumza Kiarabu au Kiingereza huonekana wakishikwa mikono na bibi zao kwenda dukani. Baada ya wiki 4 au 6 familia huondoka, madirisha hufungwa tena, na nyumba hubaki na popo, na chumvi ya bahari, na mtu mmoja aliyeachiwa ufunguo.

Ndugu zetu hao wanaishi Muscat, Dubai, London au Toronto. Wengine nyumba wameirithi kwa wazee wao, wengine wameijenga au kuinunua kwa jasho lao. Kwao ni nyumba ya mapumziko iliyo nchi nyingine, yenye bahari kati yake na wao. Wiki hii tunapenda kuzungumza nao, na vile vile na jamaa wanaobaki na funguo, kwa kuwa jambo hili lina pande mbili. Nyumba ambayo mwenyewe huikaa wiki 4 kwa mwaka, wiki 48 zilizobaki hutunzwa na mtu mwingine. Kwa hiyo hati, matengenezo, fedha, safari na hata mirathi, yote hutengenea pale ambapo haki ya mtu huyo na haki ya mwenye nyumba zimewekwa wazi, na huharibika pale ambapo zimeachwa katika maneno ya "sisi ni ndugu, tutaelewana".

Jina lililo katika hati

Tuanze na umiliki, maana hapo ndipo wengi huteleza. Kwa Zanzibar, ardhi ni mali ya umma iliyo chini ya Serikali, na Sheria ya mwaka 1992 inayohusu umiliki wa ardhi humpa Mzanzibari haki ya kuitumia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hivyo ndugu yetu aliyekwisha chukua uraia wa Oman, Uingereza au Kanada, hata kama kitovu chake kimezikwa Malindi au Wete, mbele ya sheria ya ardhi huweza kuhesabiwa mgeni. Mgeni ana njia zake, kama vile kukodishwa ardhi kwa muda maalumu kwa ajili ya uwekezaji, au kununua fleti katika mradi uliokubaliwa, chini ya sheria ya mwaka 2010 inayohusu majengo yenye wamiliki wengi.

Njia inayotumiwa sana, nayo ndiyo ya hatari, ni kumpa jamaa fedha akaandikisha nyumba kwa jina lake, kwa makubaliano ya mdomo kwamba mwenyewe hasa ni yule aliye ng'ambo. Jamaa huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini siku akifariki, warithi wake wataiona hati ina jina la baba yao. Mke wake ana fungu, watoto wake wana mafungu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo siku makubaliano yalipofanywa. Wakiishikilia nyumba hawatajiona wezi, watajiona wanadai haki yao. Aliyetoa fedha naye atajiona kadhulumiwa. Na mahakamani, makubaliano yaliyofanywa kwa kuizunguka sheria ni vigumu kuyatetea.

Nasaha yetu ni kwamba kabla ya kutuma hata shilingi moja, mtu amwone wakili anayeijua sheria ya ardhi ya Zanzibar, amweleze uraia wake kama ulivyo, na aifuate njia iliyo wazi. Sheria hizi hurekebishwa mara kwa mara, na maneno ya barazani ya miaka 10 iliyopita si hoja ya kujengea nyumba.

Nyumba haijui kungoja

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hunywa unyevu na kuutoa polepole kupitia chokaa. Fundi asiyejua akizipiga plasta ya saruji kwa kutaka zionekane mpya, unyevu hukosa pa kutokea, chokaa iliyo ndani hulainika na kuoza, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huanza kuliwa. Kwa nje nyumba inang'ara, na kwa ndani inakufa. Ndiyo maana ukarabati wa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, unahitaji kibali cha mamlaka inayousimamia mji huo. Wako wanaokiona kibali hicho kuwa usumbufu, lakini kinamkinga mwenye nyumba na fundi wake mwenyewe.

Tusidhani kuwa kuanguka ni kwa vibanda tu. Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hali ya kuwa limo katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba kama hilo linaanguka mbele ya macho ya watu, je, nyumba iliyofungwa ambayo hakuna anayeingia?

Nyumba za kisasa za matofali nazo zina maradhi yake. Upepo wa bahari hula bati, misumari na nondo zilizo karibu na uso wa zege. Mchwa hupanda kimya nyuma ya makabati. Friji iliyofungwa mlango bila umeme huota ukungu ndani ya siku chache. Tangi la maji lisilofunikwa huzaa mbu wanaomsumbua jirani, na jirani ana haki juu yetu hata tukiwa Muscat.

Ratiba ya matengenezo ifuate majira ya pwani na si likizo za shule za ng'ambo. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli huja Oktoba hadi Desemba. Basi ukaguzi mkubwa uwe mara 2 kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Fundi apande juu, atazame paa, mifereji na nyufa, asafishe majani yaliyoziba njia za maji, kisha apige picha na kuzituma. Katika nyumba nyingi, uharibifu mkubwa huanza na mfereji mmoja ulioziba. Kila wiki, madirisha yafunguliwe asubuhi na kufungwa jioni, mabomba yafunguliwe maji yapite, na vyoo vimwagiwe maji. Mwenye nyumba anapoondoka, azime umeme kwenye swichi kubwa isipokuwa panapohitajika, atoe mtungi wa gesi nje ya jiko, auache mlango wa friji wazi, na ayainue magodoro ukutani.

Yote haya, tukiyatazama, ni kazi ya mtu. Hapa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu.

Shangazi na daftari lake

Kamati za misikiti huletewa mengi baada ya sala ya Isha. Miongoni mwa yaliyotufikia ni la mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiishika nyumba ya mdogo wake aliyehamia ng'ambo. Kwa miaka 9 alifungua madirisha, akalipa bili ya maji, akamwita fundi kila paa lilipovuja. Mdogo wake alikuwa mtu mwema, alituma fedha alipokumbuka, na aliposahau alisema, "Dada, lipa, nitakurudishia." Dada alilipa kwa fedha za biashara yake ya kupika maandazi. Kisha ndugu yule akafariki, Allah amrehemu. Wanawe, ambao walimjua shangazi yao kwa likizo tu, wakaja na hesabu yao: shangazi alikuwa akilala katika chumba cha chini, na kwa hiyo wao wanamdai kodi ya miaka 9.

Mama yule hakupandisha sauti. Alikwenda chumbani akaleta daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani yake alikuwa ameandika kila senti: tarehe, fundi, mfuko wa chokaa, bati 6, nauli ya mkokoteni. Risiti nyingine alizibandika kwa gundi ya unga. Na katika simu yake yalikuwamo maneno ya marehemu akimwagiza alipe.

Sheikh aliyeketi nasi aliwaeleza vijana wale mambo mawili. La kwanza, mwenye kulipa kwa agizo la mwenye mali ana deni juu yake, na deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Kwa hiyo kabla ya kudai kodi kwa shangazi yao, wao ndio wenye kumlipa kutoka katika mali ya baba yao. La pili, shangazi alilala chumba cha chini kwa idhini ya mwenyewe, ili ailinde nyumba, na hakuna mkataba wowote wa kodi uliofungwa kati yao. Vijana waliinamisha vichwa. Walilipa, ingawa si kwa siku moja. Lakini mama yule hakurudi tena katika chumba kile. Haki yake aliipata kwa sababu ya daftari. Yaliyokuwa kati yake na watoto wa ndugu yake yalikwisha vunjika.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayotuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha. Haikuteremshwa kwa ajili ya wasioaminiana peke yao. Ndugu ndio wenye haja zaidi ya maandishi, kwa sababu wao wakigombana hawana pa kukimbilia.

Basi mwenye nyumba aliye ng'ambo aandike mambo haya, nakala moja abaki nayo na nyingine ampe mtunzaji, mbele ya mashahidi wawili:

Kwanza, huyu ni nani kwake. Je, ameshika amana tu, au ni wakili anayeruhusiwa kulipa na kumwita fundi, au ni mwajiriwa? Kila mmoja ana hukumu yake. Mwenye kushika amana halipi kilichoharibika bila uzembe wake. Wakili hukaa ndani ya mipaka ya alichoagizwa. Mwajiriwa ana ujira uliotajwa na siku ya kuupokea.

Pili, ujira. Chupa ya manukato na kanzu mbili mwisho wa mwaka ni zawadi, na zawadi ni jambo jema, lakini si ujira wa miezi 12. Kama jamaa amekubali kutunza kwa thawabu, asemwe hivyo kwa ulimi wake mwenyewe. Tusimkisie kwa sababu ni mnyonge wetu.

Tatu, fedha za matumizi. Mtunzaji asitumie za mfukoni mwake. Atumiwe fungu la miezi mitatu mbele kwa ajili ya maji, umeme na usafi, na likae mbali na ujira wake. Kiwekwe na kiwango ambacho hahitaji kuomba ruhusa, na kinachozidi hapo aulize kwanza.

Nne, chumba. Kama anaishi humo, iandikwe kwamba anaishi kwa idhini, bila kodi, au kwa kodi kiasi fulani.

Tano, wageni. Kama nyumba itakodishwa kwa watalii wakati imekaa bure, hiyo ni biashara inayohitaji leseni na kodi ya Serikali, na ni haki ya majirani kujua nani anaingia na kutoka mlango wa pili. Mtunzaji naye asiikodishe nyumba kwa siri, hata kwa siku moja. Hiyo ni khiyana, hata kama hakuna aliyeona.

Safari yenyewe

Kwa familia inayokuja, tunakumbusha machache. Pasi za watoto zitazamwe mapema, kwani mashirika ya ndege na nchi nyingi hutaka pasi iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Wengi wa wenye pasi za kigeni huhitaji viza, hata kama wanakwenda kulala katika nyumba ya babu yao. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo bei yake ilitangazwa kuwa dola 44 kwa mtu mzima. Kwa familia ya watu wengi, jambo hilo liingizwe katika hesabu kabla ya kununua tiketi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, basi zawadi zifungwe katika mifuko ya nguo.

Liko jingine ambalo wazazi hulipuuza: malaria. Mtu aliyekulia hapa hujijengea kinga kiasi, lakini kinga hiyo hupungua akikaa ng'ambo miaka, na mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kabisa. Zanzibar imefanikiwa kuipunguza malaria kwa kiwango kikubwa, lakini haijakwisha, na wengi hupitia au kutembelea Bara. Mzazi amwone daktari kabla ya safari, vyandarua viwe tayari, na mtoto akipata homa, hata baada ya kurejea nyumbani kwao, daktari aambiwe alikotoka.

Na kwa kuwa huulizwa sana, tuseme neno juu ya sala. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka, hutimiza sala zake. Basi anayekuja kwa wiki 4 asali rakaa 4 pamoja na jamaa zake, na msikiti wa mtaa umwone.

Nyumba moja, warithi sita

Mwisho ni jambo linalozifunga nyumba nyingi kuliko chumvi na mchwa, nalo ni mirathi isiyogawiwa. Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume 2 na wa kike 3, na nyumba moja. Mke ana thumuni, yaani sehemu 1 katika 8. Zinabaki 7. Kila mwanamume ana 2, kila mwanamke ana 1, na hesabu imetimia bila kubaki wala kupungua.

Hesabu hiyo haiishii kwenye kuuza. Paa likihitaji shilingi milioni 8, mama atachangia milioni 1, kila binti milioni 1, na kila mtoto wa kiume milioni 2. Kodi ikipatikana, itagawiwa kwa mizani ile ile. Na katika kukaa, mafakihi wanalo jambo wanaloliita muhayaa, yaani washirika kupokezana manufaa ya mali isiyogawika kwa zamu za muda. Familia inaweza kukubaliana: huyu likizo ya Julai, yule Desemba, na mwakani wabadilishane. Binti aliyeolewa Dubai ana haki ya zamu yake kama kaka yake aliye London, na mama mjane asifanywe mgeni katika nyumba aliyoifagia miaka 40.

Nyumba inapobaki kwa jina la babu aliyefariki zamani, kila anayekufa huongeza warithi, mpaka siku moja wanahitajika watu 30 katika nchi 5 kuweka saini ili kubadilishwa bati. Hapo ndipo kila mtu husema si yake, na nyumba huanguka ikiwa na wenyewe wengi. Dawa yake ni kuifikisha mirathi mapema kwenye vyombo vyake, ikiwamo Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, hati ibadilishwe, na mmoja ateuliwe msimamizi kwa maandishi, pamoja na daftari lake.

Kwa ndugu zetu walio ng'ambo tunasema: mtakapokuja likizo hii, kabla ya kwenda ufukweni, tengeni jioni moja mkae na yule aliyeshika ufunguo. Mwambieni alete hesabu yake, na kama hana daftari, mnunulieni. Lipeni kinachodaiwa kabla ya kugawa zawadi. Kwa walioshika funguo tunasema: andikeni, na msiifanye nyumba ya aliye mbali kuwa ghala la kila mtu. Na nyote wawili wekeni saini mkiwa hai na mkiwa mnapendana, ili watakaobaki nyuma yenu wasilazimike kuhukumiana.

Tunamwomba Allah atujaalie kuwa wenye kutimiza amana, azihifadhi nyumba zetu za karibu na za mbali, na aziunganishe nyoyo za wenye kuzimiliki na wenye kuzitunza. Amin.

Wabillahi tawfiq.